Meza ya Kuokoa Migongo Yetu

Leo tumeletewa meza ya kuokoa migongo yetu. Nimepanda kreti ya soda ndiyo nikaifikia.

Ngoja nianze mwanzo.

Mwezi jana alikuja gereji yetu hapa Kisenyi mtaalamu wa mkao wa kazi. Alitukuta tumeinama, giaboksi iko chini juu ya katoni. Akatuonea huruma. Akasema atatupimia meza, ili kila fundi afanye kazi amesimama wima.

Akatoa tepu ya kupimia.

Sasa nyie mnajua adabu zetu. Nani apimwe kabla ya bosi? Tukamsogeza mbele Hajji, mwenye gereji. Hajji ni mrefu kama nguzo ya stima, na mara ya mwisho kushika spana alikuwa bado ana nywele.

Akapimwa kwa heshima zote, bega na kiwiko. Mtaalamu akaandika, akashukuru, akaenda.

(Hakuna aliyefungua mdomo. Hata mimi.)

Leo meza imefika. Inanigonga kifuani.

"Hajji," nikamwambia nikiwa juu ya kreti, "hii imezidi kidogo."

"Wafula, wewe shida yako huna shukrani!"

Kufika saa saba giaboksi ilikuwa imerudi kwenye katoni, na sisi tumeinama kama kawaida. Nikainua macho.

Hajji alikuwa amesimama mbele ya meza yetu, wima kabisa, anakula pilau.

Mgongo wake hauna neno.

Huko kazini kwenu walimpima nani?