Bahari Isiyoruhusiwa Kufika Thelathini

Kazi yangu Dubai ilikuwa kukaa juu ya kiti kirefu ufukoni, kwenye hoteli moja ya Marina, nikiangalia watu wasizame. Mkataba ulisema hivyo tu. Lakini kila asubuhi kabla wageni hawajashuka nilikuwa na kazi ndogo ya pili, na hiyo ndiyo iliyonitia matatani. Nilitakiwa kupima joto la bahari na kuliweka kwenye ubao, ili mgeni ajue anaingia maji ya namna gani.

Ubao ule uliletwa kutoka makao makuu ya hoteli, huko Ulaya. Ulikuwa mzuri, wa mbao nyeupe, na una nafasi ya tarakimu mbili. Ya kwanza ilikuwa mbili, imechorwa kwa rangi ya mafuta, haibanduki. Ya pili ndiyo ya kuchomeka, vibao vidogo vya plastiki toka sifuri hadi tisa. Sijui aliyeubuni alikuwa anaogelea wapi, lakini kichwani mwake bahari yoyote ya duniani ilikuwa na nyuzi ishirini na kitu. Sasa njoo Dubai mwezi wa Agosti uoge hiyo ishirini na kitu! Nilikuwa natupa kipimajoto kwa kamba pale kwenye gati, nikikivuta kinasoma thelathini na nne, thelathini na tano, supu kabisa, bado chumvi na ndimu. Nakwenda kwenye ubao nachomeka tisa. Nyuzi ishirini na tisa. Kesho tena, ishirini na tisa.

Mimi kunyamaza sijui, na mama yangu aliliona hilo mapema. Nikamwendea bosi wa ufukoni, Mzungu mmoja mpole tuliyemwita sir, nikamwambia ubao huu unasema uongo. Akautazama, akanitazama, akasema ishirini na tisa si mbali sana. Nikamuuliza mbali ni wapi basi. Akasema ubao mpya umeshaagizwa, nami nikajibu inshallah kwa namna ambayo kama angekuwa mtu wa kwetu angekasirika. Kila kiangazi ubao mpya ulikuwa umeshaagizwa. Ukisoma rekodi za hoteli yetu, utadhani hiyo ndiyo bahari pekee duniani iliyokula kiapo cha kutopata joto.

Juu ya kibanda cha taulo kulikuwa na kamera. Si ya video. Ilipiga picha moja, ikapumzika, ikapiga nyingine, na kila picha ikapanda kwenye tovuti ya hoteli ili watu waliofungiwa na theluji makwao waone wanachokikosa. Kupumzika kwake hakukuwa na kipimo, ilipiga ilipotaka yenyewe.

Mke wangu alikuwa Fujairah, upande wa pili wa milima, akifanya kazi za ndani. Tulitoka Tanga pamoja tukidhani tutakuwa karibu, kumbe hata nchi ndogo ina umbali wake kama kila mtu ana kafeel wake, mwajiri anayemdhamini na kumfunga. Tulikuwa tunaonana kwa nadra sana. Basi siku moja binti wa madam wake alikuwa anaangalia hoteli za Dubai kwenye kompyuta, mke wangu anapita na kapu la nguo, akamwona mumewe kasimama kando ya ubao. Alipiga kelele nyumba nzima ikakusanyika.

Kuanzia hapo tukawa na desturi yetu. Alasiri, akimaliza kupiga pasi, wanamfungulia tovuti. Mimi naenda kusimama kando ya ubao, nanyoosha mkono juu, naganda. Kwa kuwa sijui kamera itapiga saa ngapi, nilikuwa nabaki vile vile mpaka ajaaliwe kuniona, halafu anabip. Simu inatetema mfukoni mara moja, inanyamaza, nami nashusha mkono. Siku nyingine bega lilikuwa linakufa ganzi. Wageni walikuwa wanauliza kama ninaumwa, na familia moja ilinisimamishia watoto wao ikanipiga nao picha, wakidhani nimewekwa pale na hoteli. Sikujali. Mwanamume mwenye mke wake mbali anafanya mambo.

Mwaka ule kimbunga kilipoipiga Oman, mwanzoni mwa Juni, hoteli yetu ilipata mkutano wa wataalamu wa bahari na hali ya hewa. Ukumbi waliopewa ulikuwa na baridi ya kuhifadhia samaki, na kiyoyozi chake kilikuwa kimegoma kupunguzwa. Nikaagizwa kupeleka taulo za ufukoni. Wallahi niliwakuta watu wazima na shahada zao wamejifunika taulo gubigubi, meno yanagongana, mmoja yuko mbele anaeleza jinsi dunia inavyozidi kupata moto.

Mama mmoja mtaalamu kutoka India, kavaa sari na raba, akanifuata nje kuja kuota jua. Akauona ubao, akakiona kipimajoto mkononi mwangu kinasoma thelathini na moja, akauliza kulikoni. Nilipomweleza habari ya ile mbili isiyobanduka alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Halafu kicheko kikamwisha. Akaniambia mabaharia wa zamani walikuwa wanateka maji kwa ndoo, wanachovya kipimajoto, wanaandika. Siku hizi kuna maboya yanayozama yenyewe mpaka kilindini na yakiibuka yanatuma habari kwa setilaiti. Zipange rekodi hizo zote, alisema, za ndoo na za boya, utaona bahari ndiyo inayoubeba mzigo mkubwa wa joto la dunia, na inazidi kuwa ya moto mwaka hadi mwaka. Kimbunga kinakula joto hilo hilo. Kikikuta maji ya moto kinashiba na kunenepa.

Akanifungulia kompyuta yake. Bahari ya Arabuni ilikuwa imepakwa nyekundu, na ndani yake kitu cheupe kinazunguka kuelekea Oman. Nikauliza Fujairah iko wapi hapo. Akaweka kidole pembeni tu ya Oman, pwani ile ile. Nyumba anayofanya kazi mke wangu ilikuwa mtaa wa ufukoni, barabara moja tu katikati yake na maji, na chumba chake kilijengwa nje, kwenye kona ya ukuta unaotazama bahari. Nikamuuliza yule mama, na hapa Marina je? Akasema hapa pengine hata mwavuli hautaanguka, huku kuna milima mgongoni na ghuba yenyewe imejificha. Kule ndiko kwenye kazi.

Nikampigia mke wangu hapo hapo, nikamwambia waondoke. Akasema majirani wameanza kuondoka tangu asubuhi, na kaka wa madam ana shamba Hatta, juu milimani, anawaita. Lakini madam ana kichwa kigumu. Amesema kimbunga ni cha Oman na kitabaki Oman. Tangu azaliwe hajaona bahari ikivuka barabara, mama yake naye hajaona, na mama yake ni mzee aliyeona kila kitu. Kwa hiyo haitavuka. Na kama vile haitoshi, amefungua tovuti ya hoteli yetu akaiangalia bahari mwenyewe.

"Anasema bahari ni buluu, bendera ni ya kijani, nyuzi ishirini na tisa," mke wangu akasema. "Anasema mume wangu mwenyewe ndiye shahidi wake."

Nikamwambia amweleze madam kwamba hizi ni bahari mbili, yetu iko huku ya kwao iko kule. Alishamweleza. Madam akajibu kwamba maji hayana ukuta, bahari ni moja. Nikamwambia basi ondoka wewe.

"Pasi yangu ya kusafiria iko kabatini kwake, na huyu bibi, mama yake, hawezi kutembea. Nitamwachaje?"

Niliogopa, sifichi. Nilisimama na simu mkononi nikaitazama bahari ya Marina, imelala kama shuka, watu wanaelea na vinywaji vyao, nikaichukia. Hasira ikanipanda, na nikiwa na hasira mikono yangu inafanya kazi kabla ya kichwa. Nikamwambia mke wangu awakalishe wote mbele ya kompyuta, wakiniona abip.

Bendera nyekundu hatukuwa nayo. Ilikuwapo zamani, ikaondolewa kwa sababu nyekundu haikuwa miongoni mwa rangi za hoteli. Tulibakiwa na ya kijani na ya manjano laini. Nikaingia mgahawa wa samaki nikavuta kitambaa cha meza, hicho kilikuwa chekundu barabara, ila katikati kilichorwa kamba koche mkubwa amevaa kofia ya mpishi. Liwalo na liwe. Nikakipandisha mlingotini, kamba koche akafunguka angani na kofia yake. Nikachukua utepe mweusi wa kufungia mabomba, nikaibandikia ile mbili mpaka ikawa tatu. Nikapuliza filimbi, nikawaambia watu wote watoke majini.

Kumbe kwa haraka nimesahau kubadilisha tarakimu ya pili. Ubao ukawa unasema nyuzi thelathini na tisa.

Hapo niliona maajabu. Watu waliokuwa wanaelea kwa raha zao toka saa ya chai waliposoma thelathini na tisa walitoka mbio wanarukaruka, kama wamekanyaga makaa. Mama mmoja alinionyesha miguu yake jinsi ilivyoungua. Mwanamume mwingine akasema yeye alikuwa anahisi kuna kitu tangu mwanzo, ila aliuamini ubao. Mimi nilikuwa nimeshaganda kando ya ubao na mikono yote miwili juu, naisubiri kamera.

Sir akaja anahema. Akatazama bahari, akatazama kamba koche, akaniambia nishushe kile kitu mara moja. Sikutikisika. Nilijua nikitikisika ndipo kamera itakapopiga, na madam wa watu ataona mtu anabishana na bosi wake na bahari buluu nyuma yake.

"Bahari imetulia," sir akasema. "Huoni?"

"Hii imetulia, sir. Ya mke wangu haijatulia."

Akamwita askari wa hoteli, Mganda mmoja tuliyekuwa tunakula naye meza moja na aliyeijua habari yangu na kamera, akamwamuru anitoe pale. Askari akaja, akanishika mkono uliokuwa juu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kampala, taratibu, kama picha imeshatoka. Nikasema bado. Akabaki ameshikilia mkono wangu, uso mkali, mwili umesimama tisti kabisa. Mtu wa mbali angedhani tunakamatana kwa nguvu zote. Sir anafoka, askari anajibu ndiyo sir, ndiyo sir, na hakuna kinachosogea. Jua linatupiga, jasho linaniingia machoni, simu kimya. Nikaanza kumwomba Mungu kwa ajili ya kamera, dua ambayo sikuwahi kufundishwa madrasa.

Simu ikatetema mara moja, ikanyamaza.

Nikamwambia askari sasa nikamate. Akanikamata vizuri sana.

Ofisini nilitegemea kusemwa kwa kuwafukuza wageni majini bila sababu. Sivyo. Kosa la kwanza lilikuwa kutumia kamba koche wa mgahawa bila idhini, kwa sababu yule kamba koche ni nembo, ana wenyewe. Kosa la pili lilikuwa ile tatu ya utepe ubaoni. Makao makuu walikuwa wameona picha na wameandika kuuliza tumeipata wapi. Nikawaambia tumeipata baharini. Hawakupenda jibu hilo. Sir ndiye aliyesema khalas, basi imekwisha, kwa upole wake ule ule, akanyoosha mkono kuchukua filimbi, na akanieleza kwamba viza itafutwa na nitarudishwa kwetu.

Siku iliyofuata nilikuwa kambini tunakolala wafanyakazi, nafunga begi, redio ya jirani inasema mambo ya Oman ya kutisha, na huku Marina anga nyeupe, vumbi kidogo. Simu ya mke wangu nilikuwa naisubiri tangu alfajiri. Ilipolia, ililia kweli, haikuwa ya kubip.

Yuko Hatta, akasema. Wako shambani kwa kaka wa madam, watu wengi chumba kimoja, mbuzi wanalia nje, bibi amekula uji. Madam alipoiona ile picha alisimama mwenyewe akaanza kufunga masanduku. Alisema hoteli inayopenda pesa za Wazungu kiasi kile haiwezi kuwatoa majini ila kama mauti yanakuja. Leo dereva amerudi Fujairah kuangalia. Bahari ilivuka barabara. Imeingia uani, imelala sebuleni, na kile chumba cha kwenye kona hakipo. Kitanda chake kimekutwa kwa jirani, kimesimama wima kwenye mlango.

Nilikaa juu ya begi.

"Mume wangu," akasema, "madam yuko hapa anakupa pole. Anauliza, bahari imechukua nini huko kwenu?"

"Mwambie imechukua kazi yangu."

Akamtafsiria kwa Kiarabu chake cha jikoni. Nikamsikia madam kule nyuma anasikitika kwa sauti, anaiombea hoteli yetu kwa Mungu, anauliza kama kuna waliozama. Mke wangu akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka tukashindwa kusema, na katikati ya kicheko nikasikia chake kimegeuka kilio. Nikamwambia alie tu, nakwenda Tanga kumsubiri, mradi yeye yuko hai.