Kuku Aliyelowekwa kwa Mafuta ya Mama Mkwe

Aibu hii nilitaka kuificha, ila wanawake wote wa kikundi cha maombi wanaijua, kwa hiyo nikinyamaza hakuna ninachookoa, acha niisimulie mwenyewe.

Mama mkwe alikuja kwetu Singida mjini kutoka Iguguno kutibiwa goti, na tangu afike alikuwa hajala chakula changu hata kidogo. Hakusema neno baya. Alisonga ugali wake, akapika mlenda wake, kisha akanikaribisha mezani (nyumbani kwangu, naomba mnisikilize vizuri). Iliniuma sana. Nikaamua Jumapili nitampikia kitu asichoweza kukikataa, na kwenye simu nikaona video ya kuku wa watu wa kule Mediterania, analowekwa usiku kucha kwenye mtindi, ndimu, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni.

Vyote nilikuwa navyo isipokuwa zeituni, maana huku kwetu hayo hatupikii, ni ya kuombewa. Ila juu ya kabati kulikuwa na chupa ya mafuta hayo ya mama mkwe, yaliyoombewa na mchungaji, anayojipaka gotini. Nikajiambia vijiko viwili tu. Yule dada wa kwenye video akasema usiyaogope mafuta, basi sikuyaogopa, chupa ikaisha, nikaijaza alizeti (rangi karibu sawa, mimi nikaona nimemaliza kazi).

Jumapili mchungaji akaja na kina mama wa maombi. Kuku alikuwa mezani, amefunikwa. Mchungaji akaanza na goti, akamimina mafuta kiganjani, akapaka, akaomba, na katikati ya maombi mama mkwe akafumbua macho. Huyu mama amelima alizeti tangu usichana wake.

"Mchungaji, samahani," akasema. "Haya ni ya alizeti."

Mchungaji akanusa kiganja. Kina mama wakapokezana chupa, wakanusa mmoja mmoja, wote wakakubaliana naye.

"Mwanangu, mafuta yangu yako wapi?"

Nikasema, "Yako kwenye kuku, mama."

Mchungaji akautazama mfuniko wa sahani ya kuku. "Yote?"

"Yote, mchungaji."

"Basi hayajapotea," akasema. "Yamo humo."

Mama mkwe akavuta kiti. Akala paja, akala kidari, akafyonza mifupa, macho kayafumba, kina mama wakimwimbia taratibu. Mimi nimesimama na jagi la maji ya kunawa, nataka ardhi inimeze, na bado nafurahi kimoyomoyo kwamba hatimaye amekula chakula changu.

Jioni nikamsikia akiongea na wifi yangu kwenye simu.

"Ndiyo, amenipikia," akasema. "Ilikuwa shida kumeza, ila dawa ni dawa, nimemaliza."

Tangu siku hiyo mafuta ya mtu sigusi, na watu wa Mediterania nimewaachia kuku wao.