Nilimsifu Kezia kwa Kutolia

Ninaandika kwa ajili ya mzazi ambaye mtoto wake halii. Sisemi mtoto mtulivu. Nasema mtoto anayeanguka kifudifudi kwenye lami, anainuka mdomo umejaa damu, kisha anaendelea kucheza. Kama wako yuko hivyo, soma hadi mwisho, hata pale ambapo utanichukia.

Wazazi wangu ni Warundi. Mimi nilizaliwa kambini, mkoani Kigoma, na nilikulia humo. Shule niliiacha mapema. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa redio na kwa maandishi ya makopo ya mafuta ya msaada. Tulipoletwa Louisville, Marekani, tulipata nyumba ya kupanga upande wa kusini, karibu na Iroquois Park, nami nikapata kazi ghalani. Kazi yangu ni kukagua maboksi kabla hayajafungwa. Inanifaa, maana mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikishafunga mlango narudi kuusukuma, nafika kwenye gari, narudi tena. Wenzangu kazini hunicheka: "Wewe hata ukifa utaamka kukagua jeneza."

Kezia ni mtoto wetu wa kwanza. Alipopelekwa chanjo akiwa mchanga, sindano iliingia pajani naye akawa anacheza na kamba ya kitambulisho cha nesi. Mama mkwe wangu, tunayemwita Bibi, alipiga makofi. "Huyu ni mtoto wa kambi," alisema, "hata kama amezaliwa Amerika."

Kanisani habari ilienea. Akina mama walimbeba kwa zamu. "Jamani mwoneni! Wangu alipiga kelele hadi barabarani." Nilijisikia kama mtu aliyepewa cheo. Sasa nafika kwenye jambo la aibu. Wageni walipokuja nyumbani nilikuwa namfinya mkono ili waone. Namfinya, anacheka, wageni wanacheka.

"Acha kumfinya mtoto," mke wangu Jeanine aliniambia.

"Humwoni anafurahi?"

"Namwona. Ndiyo maana nakwambia acha."

Meno yalipoota, mambo yalibadilika. Asubuhi tulikuta damu kwenye shuka. Alikuwa anautafuna ulimi wake usingizini. Ncha ya ulimi ilikatika vipande vidogo vidogo, kama mkate uliolowa. Halafu akaanza vidole. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia alikitafuna hadi ukucha ukatoka, huku anatazama katuni. Kliniki walituambia ni meno tu, yatapita, tumvalishe glavu. Nilimvalisha soksi mikononi na kuzifunga kwa utepe. Nilisaga pembe zote za meza kwa msasa. Nilitoa vifundo vya kuwashia jiko ili asiweze kuliwasha. Nikaikagua nyumba yangu, nikaona haina kasoro.

Majira ya baridi ya 2015 tulisafiri kwenda Buffalo. Dada yake Jeanine, Goreth, anaishi huko, na mdogo wao alikuwa anachumbiwa. Kezia alikuwa anakaribia miaka mitatu. Theluji ilifika usawa wa madirisha ya magari. Nyumba ya Dada Goreth ni ya zamani. Chini ya kila dirisha kuna mabomba mazito ya chuma yanayopitisha mvuke kupasha chumba joto. Sisi Louisville hatuna kitu hicho. Sebule ilijaa watu, wazee wamekaa kwenye viti, sisi vijana chini. Kulikuwa na nyimbo, kisha maombi marefu, kisha mzaha wa kupokea wageni wa upande wa mume.

"Mmekuja kutafuta nini kwenye baridi hii?" mzee wa upande wetu aliwauliza.

"Tumeona moshi kwenu, tukajua kuna mpishi!"

Watu walicheka. Kezia alikuwa amekaa chini ya dirisha na doli la binamu yake, ametulia. Nilimtazama, nikashukuru kwamba ametulia.

Harufu ilianza wakati wa sala ya chakula. Harufu ya nyama. Nilidhani ni mbuzi jikoni. Dada Goreth naye alidhani hivyo, maana aliinuka akaenda kutazama sufuria, akarudi akitikisa kichwa. Jeanine ndiye aliyegeuka. Mguu wa kushoto wa mwanetu ulikuwa umeegemea chuma. Soksi ilikuwa imegandamana na ngozi. Alipomvuta, kipande cha unyayo, upande wa kidole kidogo, kilibaki kwenye bomba. Kezia alikasirika kwa sababu doli lilimdondoka.

Hospitalini Buffalo walimchukua haraka. Kisha walikuja kutuambia kwamba hataruhusiwa kukaa na sisi peke yetu. Mlinzi aliwekwa mlangoni. Waliona kidole kilichotafunwa, ulimi uliokatika, na alama za zamani mikononi. Mwanamke wa ustawi wa jamii alisema atatuhoji kesho, mimi chumba kimoja, mke wangu chumba kingine.

Aliposema vyumba viwili, nilikumbuka kambi. Waliopita kambini wanajua. Kabla ya kuletwa Marekani tulihojiwa hivyohivyo, mume huku, mke kule. Majibu yasipofanana, faili lenu linawekwa pembeni, na wengine faili zao ziko pembeni hadi leo. Ndiyo maana familia zilikaa zikarudia habari yao, hata iliyo ya kweli, hadi maneno yalingane. Nilimvuta Jeanine kwenye korido, karibu na mashine ya soda.

"Tutasema tulikuwa tunamtazama wote wawili," nilimwambia. "Aligusa chuma ghafla. Alilia sana. Tukamtoa."

"Alilia?"

"Ukisema hakulia, nani atakuamini? Watasema tulimwachia makusudi. Sema alilia sana."

Tulirudia. Nilimsahihisha Kiingereza chake. Nilimrudisha mwanzo kila alipokosea, kama nilivyozoea kurudisha boksi lenye kasoro. Hadi leo nikiona mashine ya soda nageuza uso.

Kesho yake nilikataa mkalimani. Nilijibu mwenyewe, vizuri, bila kosa. Yule mwanamke alinisikiliza, akaweka kalamu chini.

"Daktari anasema hili si jeraha la kugusa," alisema. "Mguu ulikaa pale muda mrefu. Na mke wako ametuambia maneno haya haya, kwa mpangilio huu huu. Nani aliwafundisha?"

Nilifikiri juu ya watoto wa Kiafrika niliowasikia wamechukuliwa, wakalelewa na watu wengine, wakasahau lugha. Akilini nilimwona Kezia akipita mlango fulani na haniangalii. Ni mimi niliyekuwa nimeufungua mlango huo.

Jeanine ndiye aliyetuokoa. Aliomba arudi kwenye chumba cha mahojiano, akaomba mkalimani wa Kiswahili kwa simu. Mimi nilikuwa kwenye korido, mlango haukufungwa sawasawa. Nilimsikia akisema, "Hakulia. Nilidanganya. Mtoto wangu hajawahi kulia kwa kuumia, hata mara moja. Analia akinyimwa kitu. Analia nikiondoka. Akiumia halii."

Sauti ya mkalimani ikatoka kwenye simu, ya mama mtu mzima: "Mama, unasema hajawahi? Nitafsiri hivyo?"

"Tafsiri hivyo hivyo. Na waambie waende wamtazame."

Wakaenda. Alikuja daktari mzee, akasimama kando wakati manesi wakibadilisha bandeji. Kazi ile ni ya kuondoa ngozi iliyokufa kwa koleo. Watu wazima hupewa dawa ya usingizi. Kezia alikuwa anaimba wimbo wa Shule ya Jumapili na kuomba juisi. Daktari alimbana ukucha kwa kalamu, kwa nguvu. Kezia alimwomba ile kalamu. Daktari akamfungua Kezia kinywa na kuutazama ulimi kwa muda, kisha akatugeukia.

"Nani alisema alilia?"

"Mimi," nilijibu.

"Ungetuambia ukweli tungeelewa mapema." Hakusema kwa ukali, na hilo liliniumiza zaidi.

Mlinzi aliondolewa mlangoni. Lakini hatukupewa habari njema. Tulipewa rufaa kwa daktari wa neva huko Columbus, mji ulio njiani kurudi kwetu. Walimpima huko, wakachukua damu yangu na ya Jeanine pia. Majibu yalipotoka tuliitwa tena. Daktari wa Columbus, mwanamke kijana, alituchorea mwili kwenye karatasi. Alisema Kezia anahisi mguso, anahisi kubebwa na kubusiwa, lakini njia inayopeleka maumivu imefungwa tangu tumboni. Amerithi kwetu sote wawili.

"Dawa yake?" Jeanine aliuliza.

"Hakuna."

"Akikua?"

"Atajifunza. Lakini hadi ajifunze, kazi ambayo maumivu yangeifanya mtaifanya ninyi. Wengi wao huharibika viungo, kwa sababu wanatembea juu ya mifupa iliyovunjika."

Nilidhani kazi hiyo ninaiweza. Nani anakagua kunishinda? Kila jioni nilimvua nguo, nikamtazama kuanzia utosini: macho, masikio, ndani ya mashavu, kati ya vidole. Lakini nilipokuwa kazini, na Jeanine akipika, Kezia alishuka kitandani na kukimbia. Tulimfunga bandeji, akakimbia. Tulimpigia magoti tukimsihi, akatushangaa. Utamwelezaje mtoto asikanyage mguu usiomuuma? Kidonda cha unyayo kilichimbika hadi kwenye mfupa. Siku moja nilipofungua bandeji nilisikia tena harufu, safari hii ya kitu kilichooza.

Tulirudi Columbus usiku ule ule. Walijaribu dawa za mshipa kwanza. Kisha walikata kidole kidogo na kile kinachofuata, ili mguu ubaki. Alipoamka alitazama bandeji akauliza, "Baba, vidole vyangu viko wapi?"

Nikamwambia vilikuwa vinaumwa, madaktari wameviondoa.

"Vitarudi?"

"Havitarudi, mama."

Alifikiri. "Nitakuwa mwangalifu na hivi vingine," alisema, akaomba chakula.

Watu walisema mengi. Mama mmoja wa kanisani alitaka tufunge na kukemea pepo. Mwingine alisema, "Heri yake, hajui maumivu." Nilimjibu vibaya, na sijamwomba radhi bado. Nilisali pia, msidhani sikusali. Niliomba kitu ambacho hakuna baba anayekiomba: Mungu, mpe mwanangu maumivu.

Jambo lililotusaidia lilitoka kwa Kezia mwenyewe. Binamu yake Bora alikuja kututembelea, akaanguka kwenye ngazi, akapiga ukelele. Nyumba nzima ilimkimbilia: "Pole! Pole, baba! Pole sana!" Bibi akamweka mapajani. Kezia alisimama akitazama. Baadaye akamuuliza Bibi kwa nini Bora anapewa pole na yeye hapewi.

Ilikuwa kweli. Tangu azaliwe hakuna aliyemwambia mtoto huyu pole, kwa sababu hakulia. Tulimpa makofi.

Tangu siku hiyo tulianza upya. Kila jeraha tulilolikuta tulimwambia pole, polepole, tukimwonyesha: hapa pamevimba, hapa pana joto, hii ni damu. Mwanzoni mambo yalituponyoka. Nilimkuta akijigonga mkono ukutani ili apewe pole, nikakaa chini nikalia. Jeanine akapata njia. Alimwambia, "Pole ni ya ajali. Ukiona jeraha, lilete." Ilichukua muda mrefu, na sitawadanganya kwamba kila siku inafaulu. Mwaka uliofuata alitembea kwa siku kadhaa na kifundo kilichovunjika. Sasa goti la kulia limeanza kulegea, na daktari hasemi tena "atajifunza" kwa sauti aliyokuwa nayo mwanzo.

Jumamosi moja tulikuwa Iroquois Park pamoja na Bora. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, namfuata kwa macho hadi macho yananiuma. Niliinama kumfunga Bora kamba za viatu. Nilipoinua kichwa Kezia hakuwa kwenye bembea. Nikasimama. Nikamwona anakuja kwangu kwa kurukaruka mguu mmoja, kiatu kimoja mkononi. Alikuwa amekivua mwenyewe, na soksi pia. Msumari ulikuwa umepita katikati ya soli. Soksi ilikuwa nyekundu.

"Baba," alisema, "nimeleta pole. I didn't step on it again."

Hakukanyaga tena. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ameuinua mguu kabla hatujamwambia. Nilimpakata, nikasema pole, pole mama, nikashindwa hata kufungua chupa ya maji ya kuoshea. Aliniangalia usoni, akaishika chupa, akaifungua yeye.

"Pole, Baba," aliniambia.

Namshukuru Mungu kwa daktari mzee wa Buffalo na kwa wale wa Columbus. Namshukuru kwa yule mkalimani, ambaye sikuwahi kuuona uso wake na ambaye hakubadilisha neno. Namshukuru kwa Jeanine, aliyesema ukweli wakati mimi nilikuwa nimeupanga uongo vizuri. Ndugu msomaji, mtoto wako asipolia, usimsifu. Mvue soksi utazame. Hospitalini sema ulichokiona, hata kama kinaonekana hakiwezekani. Na mwambie pole kabla hajalia, kwa maana huenda asilie kamwe.

Sasa ni jioni. Kezia ananiita kutoka chumbani, amekwisha kujivua viatu, amekaa kitandani miguu ameinyoosha. Nakwenda kukagua.