Mkono wa Wubit

Katika bweni la wasichana pale chuoni Gondar, Ethiopia, Wubit alisifika kwa mawili: kulala mapema, na mkono wake. Akitaka kukulisha, aliukunja mkate mwembamba wa injera ukawa tonge la kujaza ngumi, akalishindilia mdomoni mpaka macho yakutoke. Na kukataa huwezi. Tonge la mkono wa mwenzio halirudishwi, watu watakushangaa.

Mwaka huo mkono huo ulipata kazi. Elshaday, waliyelala naye kitanda cha juu na cha chini, alisomea udaktari. Vitamini alizijua zote kwa majina, lakini mwenyewe aliishi kwa kahawa, akikesha na vitabu na kuingia wodini tumbo tupu. Juma lililopita alianguka mbele ya wagonjwa. Mkufunzi wake hakumung'unya maneno: akianguka tena siku ya mtihani wa wodini, atarudia mwaka.

"Kula basi, mama wewe," Wubit alimbembeleza.

"Nitakula baadaye."

"Baadaye lini? Wagonjwa wakishakuokota?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Elshaday akajifunika shuka gubigubi.

Maneno yalipogonga mwamba, Wubit akaacha kusema. Kila asubuhi alileta sahani ya firfir, vipande vya injera vilivyolowa mchuzi, kutoka bwaloni, akaketi kitandani kwa mwenzake na kunyoosha tonge.

"Kwa kifo changu, kula!"

Nani atakataa akishaapiwa kifo cha mtu? Elshaday alitafuna amekunja uso. Wasichana wengine nao wakaja na matonge yao, maana uchokozi una raha yake. Jioni Wubit alimburura wakatembee mpaka kwenye mikaratusi, na wakirudi anaficha birika la kahawa. Elshaday alifoka, akanuna, mwishowe akalala. Mashavu yakaanza kumrudia.

Asubuhi ya mtihani alikuwa keshavaa koti jeupe, midomo imemkauka kwa hofu. Wubit akanyoosha tonge.

"Leo niache."

"Kwa kifo changu, Elshu."

"Nimesema niache!" Akausukuma ule mkono.

Tonge likaanguka sakafuni. Hakuna aliyecheka. Wubit alikitazama kiganja chake kilicholowa mchuzi, machozi yakamlengalenga. Iliuma, tena sana.

"Haya. Mimi si mama yako," akasema, akatoka kwenda kunawa.

Alipogeuka pale bombani, Elshaday alikuwa nyuma yake, koti limefungwa vifungo upande, sahani mkononi. Akapanua mdomo tu, akangoja.

Wubit alitaka kununa kidogo zaidi, akashindwa. Alimlisha palepale, tonge kubwa kuliko yote, na mchuzi ukadondokea koti jeupe.

"Ona sasa! Nitamwambia nini mkufunzi?"

"Mwambie umekula."

Siku nzima Wubit hakusikia hata neno moja la mhadhara wake wa sheria. Elshaday alirudi jua likianza kushuka, akavua koti, akaketi kitandani. Wenzake walimzunguka, wote wakiogopa kuuliza.

"Nilisimama," akasema. "Mpaka mgonjwa wa mwisho. Nimefaulu."

Vigelegele vilisikika mpaka bweni la pili. Wubit alimkumbatia akamkamua pumzi, naye Elshaday akajichomoa, akamshika mkono.

"Wubit, nina njaa."

Tangu wajuane, Wubit hakuwahi kumsikia akisema hivyo.