Uma Uliobaki Mfukoni

Ninaikumbuka Jumamosi moja kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, mwanangu, na usimwambie mke wangu. Imenirudia leo asubuhi uliponiletea simu yako nitazame picha za piano tatu kuukuu, zote za kampuni moja, ukaniuliza ni ipi uwanunulie watoto unaowafundisha muziki pale ukumbini Kaloleni. Nilikuambia macho yangu yamechoka. Macho hayakuwa na neno. Nilichoka moyo, kwa sababu ulikuwa umeshachagua ile inayong'aa.

"Anko, hii si ndiyo iko fiti?" ulisema. "Hizo zingine zimechapa, zimechakaa."

Keti basi. Chai iko kwenye thamosi, jimiminie mwenyewe, magoti yangu leo hayataki kuinuka.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa stoo kule reli, na jioni nikiimba sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa letu. Aliyetufundisha alikuwa mzee wa Bungoma, Mwalimu Makokha. Alijifunza piano utotoni kwa wamishenari, kisha akaja Nairobi kutafuta kazi, na tangu hapo hakuigusa tena. Kanisa halikuwa nayo, na yeye alikaa chumba kimoja na watoto watano. Kwa hiyo alitafuta ubao mrefu, akaupiga randa, akachora juu yake vibonye vyeupe na vyeusi kwa rangi ya mafuta. Huo ndio tuliojifunzia. Tulibonyeza mbao tupu na sauti tukaitoa wenyewe kwa kinywa, do, mi, so, kila kidole na noti yake. Wapita njia walituona wendawazimu, na sikuwalaumu.

Wakati mwingine tulimkuta peke yake, amefumba macho, anapiga wimbo mzima juu ya ubao ule. Hukusikia kitu ila kucha zake. Alikuwa anausikia kichwani, na sisi tulisimama mlangoni tukaona aibu kumkatiza.

Sasa sikiliza jambo lililokuwepo. Mwalimu alikuwa anarudi kwao Bungoma moja kwa moja. Miguu ilikuwa imevimba, chumba ameshakirudisha, safari ni Jumatatu. Kwaya ilikuwa imechanga kwa muda mrefu na sasa piano ilikuwa inawezekana. Naye aliomba kitu kimoja tu: Jumapili ile ya mwisho aipige, pamoja na vijana wetu wa tarumbeta, wimbo mmoja, ili asikie kwa masikio yale ambayo vidole vyake vilikuwa vikifanya kimyakimya miaka yote hiyo. Basi. Hakutaka zawadi wala hotuba.

Alipaswa kwenda kuichagua mwenyewe, lakini miguu ilikataa. Jumamosi wakanituma mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu nilivaa tai.

Mwalimu aliniita kwake akanipa uma wake wa sauti. Unaujua? Ni chuma kidogo chenye meno mawili, ukikigonga gotini kinatoa sauti moja tu, ile ile, leo na kesho. Akaniambia taratibu, kama anayemfunga mtoto viatu: "Piano utakazoziona kampuni ni moja lakini aina ni nyingi. Fungua kifuniko, soma herufi zilizopigwa ndani. Pima kimo chake. Ng'oa ubao wa chini uone urefu wa nyaya za besi. Piga kutoka mwisho hadi mwisho, usiishie katikati. Halafu gonga uma, utafute sauti yake ndani ya piano. Isipokuwepo, ondoka. Usitazame mbao."

Nikasema ndiyo, Mwalimu. Ndiyo yangu ilikuwa nyepesi sana siku hizo.

Piano zilikuwa katika godauni moja upande wa mtaa wa Baba Dogo, katikati ya makabati na vitanda vya watu waliohama nchi. Tatu zimepangwa ukutani. Moja ilikuwa ndefu ya kunifika kidevuni, nyeusi, imekwaruzwa kama iliyoburutwa barabarani. Ya pili kimo cha wastani, ina alama za vikombe vya chai juu yake. Ya tatu ilikuwa fupi, ya kunifika kifuani, rangi ya kahawia iliyoiva, imepakwa vanishi mpya hadi nikajiona ndani yake na tai yangu. Nilijipenda, mwanangu. Nilijiona nimesimama kando yake mbele ya kanisa, akina mama wakipiga vigelegele.

Muuzaji aliniuliza kama najua mambo ya piano. Nikamwambia nimesomea. Ukishasema neno kama hilo huwezi tena kupiga magoti ung'oe ubao wa chini kama fundi wa baiskeli, wala kutoa uma mfukoni uugonge gotini mbele ya watu. Niliushika mle mfukoni. Nilihisi ubaridi wake. Nikauacha.

Ile ndefu nilibonyeza vibonye vitatu tu, vikatoa sauti kali, moja imepotoka kidogo, nikakunja uso. Kwenye ile fupi nilikaa, nikapiga wimbo wetu, nikaimba juu yake do, mi, so. Ilikuwa tamu. Nilimwambia muuzaji nimeichukua.

Kosa hilo lisingefanywa na mpiga piano. Lilikuwa kosa la mwanakwaya. Sisi tulioimba kwa do, re, mi hatukuwa na do maalumu. Do ilikuwa popote mwalimu alipoianzisha. Ukianza chini, wimbo wote unakaa chini na bado ni mtamu. Piano ile nyaya zake zilikuwa zimelegezwa zote kwa pamoja, kwa sababu hazikuweza tena kustahimili kukazwa. Ilielewana na yenyewe, ikaelewana na koo langu, nami nikaridhika. Sikujua kwamba haikuelewana na chombo kingine chochote. Na nilipiga sehemu ya katikati tu, pale sauti za watu zinapofika. Besi sikuzigusa, maana hatukuwa na mtu wa kuimba chini kiasi hicho.

Ilifika kanisani jioni. Nikapita kwa Mwalimu kumpa habari. Alikuwa amejilaza, miguu juu ya mto. Aliniuliza jambo moja: "Uliugonga?"

"Niliugonga, Mwalimu."

Akatabasamu, akashusha pumzi, akafumba macho. Sijawahi kumwona mtu ametulia namna ile. Nilirudi nyumbani nikala vizuri, nikalala vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi ninapokumbuka, kwamba nililala vizuri.

Jumapili tulimwingiza Mwalimu kanisani tumemshika mabega. Akakaa. Akaipapasa piano kama anayepapasa uso wa mtu. Akaanza peke yake, polepole, na wenye machozi wakatoa vitambaa. Kisha tarumbeta zikaingia.

Sitaki kukueleza sauti ile. Kila chombo kilikuwa sawa peke yake, na pamoja vilikwaruzana hadi watoto wakaziba masikio. Mwalimu alisogeza vidole hatua moja juu, akijaribu kuzifuata tarumbeta. Bado. Piano ilikuwa imeshuka zaidi ya hatua moja lakini haikufika mbili, hakuna mahali pa kuikamata. Akajaribu mara ya pili. Kisha akaondoa mikono, akafunga kifuniko bila kelele, akawaashiria vijana wa tarumbeta waendelee. Wimbo wake wa kuaga aliuimba kama sisi wengine, kwa mdomo, mikono imewekwa magotini.

Hakunitazama. Laiti angenitukana.

Jumatatu asubuhi nilimbebea sanduku hadi kwenye basi. Ule ubao aliufunga kwa shuka akauweka mapajani. Nikatoa uma kumrudishia. Badala ya maneno niliyokuwa nimeyapanga usiku, nikamwuliza kama amekaa vizuri. Akaurudisha mkono wangu, na uma ndani yake. "Baki nao," alisema. "Siku utakapougonga, niandikie."

Alijua, mwanangu. Alijua tangu noti ya kwanza ya tarumbeta, na pengine tangu Jumamosi.

Fundi wa piano alikuja wiki ile kuikaza ile fupi ifikie pale inapotakiwa. Nyaya mbili za besi zikakatika mbele yetu, na misumari ya kukazia ikawa inazunguka kwenye mbao iliyopasuka kama jino bovu. Alisema haifai. Nikarudi godauni. Muuzaji hakutaka kunisikiliza, na sikumlaumu, nilimwambia nimesomea. Ile ndefu nyeusi bado ilikuwepo. Hapo ndipo nilipougonga uma, gotini, mbele ya wapagazi waliokuwa wakicheka. Nikakibonyeza kile cheupe kilicho karibu na katikati. Sauti zikaelewana, moja kwa moja, kama watu wawili wa nyumba moja. Fundi nilipomwuliza aliniambia kibonye kilichopotoka kilikuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini kwaya haikuwa na chochote kilichobaki.

Barua kwa Mwalimu niliianza mara nyingi. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika ambayo ingenifanya nionekane vizuri kidogo, na namna hiyo haikuwepo. Mwaka wa pili tukapata habari kwamba amezikwa. Barua ilikuwa bado kwenye droo ya stoo.

Kwa hiyo nisikilize. Hizo tatu za kwenye simu yako si piano moja kwa rangi tatu. Soma herufi zake. Fupi ina nyaya fupi, na besi yake haitakuwa na tumbo hata uipambe vipi. Nenda mwenyewe, usinunue picha. Piga wimbo mmoja kwenye zote tatu, kisha piga kila kibonye, hata vile ambavyo hutavihitaji. Ng'oa ubao wa chini, chafua nguo. Muuzaji akikuuliza kama unajua, mwambie unajifunza. Na mtu akikuuliza jioni kama ulifanya alivyokuagiza, na hukufanya, mwambie jioni hiyo hiyo. Inauma kwa dakika tano. Mimi inaniuma hadi leo na nimechoka.

Fungua droo hiyo iliyo nyuma yako. Ndiyo, uma wenyewe huo, ni wako sasa. Usiuangushe.

Mungu akupe masikio yasiyodanganyika na goti lisilo na aibu. Wale watoto wa ukumbini waisikie piano mikono yao ingali midogo, wasingoje hadi uzeeni. Utakapoipata piano inayoitikia uma, usiniandikie. Nipigie simu, uiweke karibu na nyaya, ubonyeze. Nitakuwa nimekaa hapa hapa, nasikiliza.