Kidole cha Baba Sanobar

Mume wangu ameipima dunia miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hajawahi kukisia unga wa nyumbani ukatosha. Nasema mapema, msije mkadhani nawasimulia habari za mtakatifu.

Kituo chetu kiko vilimani, upande huu wa Samarkand, juu ya mabustani ya matufaha. Kuna kibanda ambacho paa lake hufunguka. Usiku anga likiwa safi, mume wangu huyo, Baba Sanobar, huketi humo chini ya darubini, shingo imepinda kama kuku anayechungulia kisima, kitufe mkononi. Ndani ya darubini umevutwa uzi mwembamba. Nyota ikifika kwenye uzi anabonyeza, na saa ya kituo inaandika. Nyota zenyewe haziendi popote, dunia ndiyo inayozunguka. Basi nyota ikichelewa kufika, jueni dunia ndiyo iliyochelewa. Na inachelewa kweli, kidogo kidogo, kama punda aliyezeeka. Uchelewaji ukilimbikizana, wakubwa wa huko Paris hutangaza kwamba siku fulani saa zote za ulimwengu zingoje sekunde moja, dunia izifikie. Vituo vingi huwapelekea hesabu. Chetu kimojawapo.

Kibandani hapawashwi moto hata baridi ipasue mawe, maana hewa ya moto huitikisa nyota. Nimemshonea makoti matatu ya pamba, yote yamechanika kiwiko kilekile. Alfajiri hurudi, huchovya mkate kwenye supu iliyopoa, hulala. Mimi naamka. Hivyo ndivyo tulivyooana.

Mwaka huo barua ilifika mwezi wa kumi, nusu ya kituo tukiwa tumepelekwa mashambani na serikali, kama kila mwaka, kuchuma pamba. Zoya Pavlovna, mkuu wa kituo, alitufuata hadi kwenye mfereji tulipokuwa tunakula tikiti.

"Eshkobil, dunia yako inakimbia."

"Inakimbilia wapi?" mume wangu akauliza.

"Mbele! Vituo vyote vinasema imechelewa, mwaka mpya sekunde inaongezwa. Chetu peke yake kinasema ina haraka."

"Labda imesikia kuna harusi mahali," nikasema.

"Norbuvi, wewe chuma pamba."

Wakaikagua saa, nzima. Wakaikagua nguzo ya darubini, haijainama hata unywele. Akabaki mtu.

Sasa, kila mtu ana uchelewaji wake. Jicho linaona, kidole kinapata habari baadaye kidogo. Wa mume wangu ulipimwa zamani, ukaonekana ni sehemu kumi na tano za mia za sekunde, na kila asubuhi ofisini walikuwa wanauondoa kwenye hesabu zake. Chombo cha kupimia bado kipo: nyota ya uongo, kitone cha taa kinachosukumwa na mota, na wakati wake wa kugusa uzi unajulikana. Zoya Pavlovna akasema Eshkobil apimwe upya.

Asubuhi ya kipimo hakugusa mkate.

"Mama Sanobar, wakinitoa nitafanya nini?"

"Utalala. Hujasikia? Watu hulala usiku."

"Nitakuwa kama Mallaboy."

Mallaboy walikaa naye darubini moja miaka ishirini. Alipimwa, kidole kikaonekana kizito, akaondolewa. Sasa anashinda mlangoni kwake kukodolea barabara, na ukimsalimia, anakuitikia ukishakata kona.

Walimpima mchana, chumba kimefungwa mapazia. Mimi ndiye mpiga deki wa kituo, na siku hiyo ukumbi mbele ya mlango ule niliupiga deki mara tatu. Nilisikia kitufe: tk. Tk. Zoya Pavlovna anasema, "Tena." Tk. "Tena."

"Huchelewi," akasema.

"Sichelewi?" Sauti ya mume wangu ilipanda kama ya kijana.

"Unabonyeza nyota haijafika! Eshkobil, unaotea?"

Niliweka ndoo chini nikaingia, sikualikwa. Mume wangu alikuwa na uso wa mtu aliyekamatwa juu ya mtufaha wa jirani, mifuko imejaa.

"Nilihisi kidole kinakuwa kizito," akasema. "Nikawa nakiwahisha. Kidogo tu. Kukisaidia."

"Uchelewaji wako tunauondoa sisi ofisini! Na wewe unauondoa kibandani. Umeondolewa mara mbili!" Zoya Pavlovna akaketi. Naye hakuwa amelala vizuri mwezi mzima, macho yalimvimba. "Tangu lini? Maana usiku wote ulioharibu lazima nifute." Akatazama dirishani. "Tangu pamba ianze, au siyo?"

Alikuwa anamfungulia mlango. Hata mimi wa darasa la nne niliuona. Angesema ndiyo, zingefutwa wiki chache, na kazi yake ingebaki na heshima yake.

"Ndiyo, tangu pamba," nikadakia.

"Mama Sanobar, nyamaza."

Hajawahi kuniambia hivyo maishani.

"Tangu Mallaboy aondolewe," akasema. "Mwaka juzi, mwezi wa tatu. Mwanzo kidogo, kisha zaidi."

Usiku mia nne na kumi na mbili. Zoya Pavlovna aliufuta kwa penseli nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa, mume wangu ameketi pembeni akimsomea tarehe. Nyingine nilizijua. Tarehe ishirini Januari, vidole vya miguu vilipoganda nikavikanda kwa mafuta ya kondoo. Tarehe tisa Mei, mama yake yuko kitandani anakata roho, na yeye akasema anga ni safi, akaenda.

Zoya Pavlovna hakumfukuza. "Rudi darubini," alimwambia. "Usisaidie. Chelewa kama zamani."

Wiki nzima alikaa mbele ya ile nyota ya uongo kujifunza kuchelewa. Mara akawahi, mara akapitiliza. Ukimwambia mtu apumue kama kawaida, atapaliwa. Siku ya nane akakiweka kitufe mezani mwenyewe.

"Nimechoka, Zoya Pavlovna. Kidole hiki sikiamini tena."

Akampa kazi ya mchana, kutunza saa. Sekunde iliongezwa mwaka mpya kwa hesabu za wengine.

Siku hizi analala usiku. Saa tatu tu anajifunika koti na kuanza kukoroma, kama gogo linaburutwa juu ya changarawe. Mimi ndiye ninayekesha. Miaka thelathini na moja kitanda kilikuwa changu peke yangu, sikuzoea mtu. Nikimsukuma ageuke, hugeuka papo hapo, hachelewi hata kidogo, na anaendelea.