Eluned Kwa Nini

Kijijini kwetu mtu haitwi kwa jina la ukoo, maana nusu yetu ni akina Pritchard na nusu iliyobaki imeoa kwa akina Pritchard. Unaitwa kwa kazi yako. Mimi ni Nesta Nyama kwa sababu ya bucha. Jirani yangu ni Wil Maziwa. Maziwa alishaacha kuuza zamani, lakini atazikwa akiwa Wil Maziwa. Mdogo wangu ndiye peke yake aliyepewa swali kuwa jina. Huko London walimwita Bibi Jaji Pritchard wa Mahakama ya Rufaa. Hapa kijijini, Rhyd-y-Graig, ni Eluned Kwa Nini, na ukimwita vingine utaulizwa unamtafuta nani.

Jina hilo alilipata kanisani, akiwa bado na mapengo ya utoto. Kila majira ya baridi tunafanya mashindano ya kughani na kuimba. Mshindi anavikwa shingoni kifuko cha hariri chenye peni sita ndani. Lakini kifuko si kitu. Utamu wote uko kwa mwamuzi. Mwamuzi wa kwetu husimama mbele ya kadamnasi akamweleza kila mshindani, kuanzia yule wa mwisho, amepatia wapi na ameharibu wapi. Watu hushuka milimani kwenye mvua kuja kusikia wenzao wanavyochambuliwa, peremende zikiwa mashavuni.

Mwaka huo mwamuzi alikuwa Mchungaji Ithel Bowen kutoka Bangor, na alikuwa na haraka ya basi. Kofia tayari ilikuwa mkononi. "Wa kwanza ni Gwilym," akasema. "Wengine wote mmejitahidi, Mungu awabariki." Akaanza kuuendea mlango.

"Samahani, Mchungaji." Eluned alikuwa amesimama juu ya benchi. "Mimi nimeshindwa?"

"Umeshindwa, binti yangu."

"Sawa. Kwa nini?"

Weee! Mama akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Mimi nikamfinya paja. "Kaa chini, unatuaibisha!" Hakukaa.

Mchungaji akacheka, akidhani ameshamaliza maneno. "Mtoto, asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Nimekubali," Eluned akamjibu. "Ndiyo maana nauliza."

Hapo baba akakohoa. Baba yetu, Goronwy, alikuwa mchimba mawe ya kuezekea, na kikohozi chake cha vumbi kila mtu alikijua. Alikuwa pia mzee wa kanisa, anakaa kiti kikubwa chini ya mimbari. Nilijua sasa mtoto atachapwa. Kumbe! "Mchungaji," baba akasema, "huyo mtoto ana haki yake. Mpe."

Maskini Mchungaji Bowen akaweka kofia chini, akamweleza. Kwamba anameza mwisho wa kila mstari. Kwamba anatazama dari badala ya watu. Kwamba pale penye huzuni alikimbia kana kwamba anafukuzwa na mbwa. Alipomaliza na Eluned ikabidi awaeleze na wengine wote, na basi likaondoka likamwacha. Usiku huo alilala kwetu, kitandani kwangu, nami nikalala sakafuni, na asubuhi alikula mayai yetu bila haya. Mwaka uliofuata kifuko cha hariri kilikuwa shingoni mwa Eluned.

Sasa msinione najivuna. Haya, najivuna, nani atanizuia? Mtoto wa mchimba mawe alikwenda chuo kikuu Aberystwyth, akatoka huko akaenda London kuwa wakili, amevaa wigi kuukuu la marehemu fulani kwa sababu jipya lilikuwa bei ya kuchekesha. Mawakili wenzake walimwigiza anavyosema, wakaimba maneno yao kama lafudhi yetu ya milimani inavyoimba. Aliwaacha waimbe. Halafu akawashinda mahakamani, mmoja mmoja, nao wakaacha kuimba. Akawa jaji wa Mahakama Kuu, akapiga goti mbele ya Malkia. Baadaye akapandishwa kwenda Rufaa, ambako majaji huketi watatu kupima kama jaji wa chini amekosea.

Siku aliporudi na habari hiyo, Wil Maziwa alivua kofia mlangoni. "Shikamoo, Mheshimiwa Jaji."

"Ala! Mheshimiwa gani?" nikamwambia. "Huyu ana viazi vya kumenya." Na alivimenya, tena kwa unene wa kupoteza nusu ya kiazi. Mikono ya sheria hiyo.

Kesi nitakayoisimulia niliiona kwa macho yangu. Nilikuwa nimekwenda London kumtembelea, nikaingia mahakamani kimyakimya, nikakaa nyuma, kwa sababu mlango wa Rufaa uko wazi kwa kila mtu. Mbele yangu, nyuma ya wakili wake, alikaa mama mmoja kijana. Jina lake sheria inalificha, nami silitaji. Halmashauri ya mji wao ilikuwa imemnyang'anya mtoto wake wa kiume ili apewe watu wengine, awe mtoto wao moja kwa moja. Jaji wa chini alikubali. Mama huyo alikuwa amekata rufaa, na hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Mikono ilimtetemeka hadi karatasi zikawa zinalia. Nikampa peremende. Kwetu huwezi kukaa karibu na mtu anayetetemeka usimpe peremende. Sikumwambia mimi ni nani; Eluned angejua, angenila nyama.

Wakaingia watatu, tukasimama, wakainama, tukainama. Katikati alikaa Jaji Ashcombe, mkubwa wao, uso umekunjamana kama soksi. Mdogo wangu alikaa kulia kwake. Wakili wa halmashauri alisema vizuri sana, mtu mwenye kipaji. Mama alikuwa mlevi, akasema. Mwanamume aliyekuwa naye alikuwa mtu wa kupiga watu. Hata kama jaji wa chini alitoa hukumu fupi mno, matokeo yangekuwa yaleyale. Jaji Ashcombe akawa anatikisa kichwa kukubali, na mimi nikaona shingo ya yule mama inalegea.

"Naomba unisaidie," Eluned akasema. Sauti ileile ya juu ya benchi, Mungu wangu, ileile. "Mama huyu ameshindwa. Nimeelewa. Nionyeshe mahali ambapo jaji amemwambia kwa nini."

Wakili akafunua karatasi. "Ukurasa wa mwisho, Mheshimiwa. Anasema amewasikiliza wote, na ameridhika."

"Hapo anasema yeye ameridhika. Mama ameambiwa nini?"

Wakili akafunua tena. Akafunua nyuma. Nikajikuta nimejifinya paja mwenyewe.

Majaji wakatoka, wakakaa chumbani mwao kitambo. Walichosemezana sikijui hata leo. Ukimwuliza Eluned anakukatia mkate. Waliporudi, Jaji Ashcombe, uso uleule wa soksi, akasema hukumu ya kwanza ataitoa Bibi Jaji Pritchard. Kwa desturi yao, mmoja hunena kwa kirefu, na wenzake wakiridhika husema neno moja tu. Alinena bila kumeza mwisho wa mstari hata mmoja, na hakutazama dari. Mtu akichukuliwa mtoto wake, alisema, jambo dogo kabisa analostahili ni kuambiwa sababu, aambiwe yeye, kwa maneno anayoweza kwenda nayo nyumbani. Kesi irudi ikasikilizwe upya na jaji mwingine.

"Nakubali," akasema jaji wa kushoto.

Jaji Ashcombe akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kura mbili zilikwisha kutosha, lakini nilitaka ya tatu kama mtu mwenye njaa. "Nami nakubali," akasema.

Yule mama akamgeukia wakili wake. "Nimeshinda? Anarudi?"

Majaji walikuwa wameshainuka. Eluned akakaa tena. Jambo hilo halifanywi. Wenzake walibaki wamesimama nusu. Akamtazama mama mwenyewe machoni. "Mwanao harudi leo," akamwambia taratibu. "Huenda asirudi kabisa, sikuahidi. Lakini safari hii hutaondoka bila kujua."

Na hakurudi. Miezi baadaye Eluned alikuwa jikoni kwangu, gazeti la mawakili likiwa mezani, akaniambia mama amesikilizwa upya na ameshindwa tena. Nilikasirika, nikapiga kisu mezani. "Basi ulimsaidia nini? Umemwumiza mara mbili!"

"Pengine," akasema. Hakujitetea. Alitoka nje akasimama kwenye mvua, na kwa miaka kadhaa hatukuigusa kesi hiyo tena. Lakini nilijua anaibeba. Kuna usiku usingizi haukumjia, nami nilikuwa nimeshamwongezea mwiba kwa mdomo wangu huu.

Alipotimiza umri wa kustaafu, mahakama ilimfanyia hafla ya kumuaga. Chumba kilijaa wigi hadi mlangoni. Nilikaa kiti cha nyuma, nimevaa koti la kanisani, nalia bila aibu wakati Jaji Ashcombe, mzee sasa, akimsifu. Mtu akanigusa bega.

"Wewe ndiye wa peremende," akasema.

Alikuwa yule mama, amenenepa kidogo, macho maangavu. Kando yake alisimama msichana mdogo mwenye mapengo ya meno.

"Nilishindwa tena, unajua," akaninong'oneza. "Lakini yule jaji wa pili alinieleza asubuhi nzima. Pombe. Yule mwanamume. Siku nilizosema nitakuja kumwona mtoto nisije. Moja baada ya moja, mbele yangu. Nilimchukia. Nikaenda nayo nyumbani." Akamvuta msichana karibu. "Alipozaliwa huyu, watu wa halmashauri walikuja tena. Wakakuta kila kimoja nimekirekebisha. Huyu hawakumchukua."

Nikatoa peremende. Sikuwa na kingine cha kutoa.

Jioni, nyumbani kwa Eluned, nilimweleza yote, neno kwa neno. Alikuwa ameshika kisu cha mkate. Akakiweka chini. Akakaa.

"Mtoto anaitwa nani?" akauliza.

"Sikuuliza."

"Dada! Hukuuliza?"

"Wa kuuliza ni wewe," nikamwambia. "Mimi nauza nyama."

Mdogo wangu akacheka, na katikati ya kicheko akalia, machozi ya miaka yote hiyo, Bibi Jaji mzima wa Mahakama ya Rufaa. Nikachukua kile kisu, nikamkatia mkate.